Mtego au Zizi? Istilahi ya Kuzuilia Plazima kwa Sumaku

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa habari za sayansi ni zile zihusuzo myeyungano wa nyuklia, yaani kuungana kwa viini vya atomu nyepesi na kutoa nishati, kama itendekavyo ndani ya jua. Katika makala haya tunakusudia kujadili neno moja: "mtego wa sumaku".

Ili viini viungane katika mitambo ya wataalamu, gesi hupashwa moto kupita nyuzi za Selsiasi milioni 100, ikawa plazima. Plazima ikigusa ukuta wa chombo, hupoa, na ukuta huharibika. Kwa kuwa chembe zake zina chaji, huzuiliwa kwa uga wa sumaku zisifike ukutani.

Mfasiri hushawishika kuuita mpango huo "mtego". Lakini mvuvi wa Kunduchi, wilayani Kinondoni, anaijua kazi ya dema: samaki huingia, akazuiwa na kuta zake, na safari yake ikaishia humo. Mwanafunzi wa Mbagala, wilayani Temeke, akifunzwa "mtego", atadhani plazima nayo hushikwa na kuta. Hapo istilahi itakuwa imefundisha kinyume cha jambo lenyewe. Mtego hukomesha, zizi hutunza. Kwa hiyo tunapendekeza "zizi la sumaku".

Neno hili huzaa mengine. Tokamaki, iliyobuniwa katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1950, ni "zizi la pete": mkondo wa umeme upitao ndani ya plazima husaidia kuizuia. Mkondo huo ukivurugika, zizi huvunjika. Ndiyo sababu mojawapo ya kubuni mazizi mbadala. Stelareta, aliyoibuni Lyman Spitzer wa Marekani mwaka 1951, ni "zizi la pete iliyosokotwa", lisilotegemea mkondo huo bali koili za nje. Mfano wake ni Wendelstein 7-X ya Greifswald, Ujerumani, iliyoanza kazi mwaka 2015. Aina ya tatu ina uga wenye nguvu zaidi kwenye ncha mbili, ili chembe zirudi nyuma. Kiingereza huipa jina la kioo. Msomaji wetu atakitafuta kioo asikione. Sisi twasema "zizi wazi", kwani baadhi ya chembe huponyoka nchani.

Wako watakaosema zizi ni la ng'ombe. Hata "uga" ulikuwa uwanja wa nyumbani kabla ya kuingia katika fizikia. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali walijaribu neno hili, kisha watuletee maoni yao kabla halijasanifishwa.