Kidakuzi Kilichonenepa

Jamaa yangu mwenye duka la stesheneri alinipigia simu jioni moja, sauti imemlegea. Tovuti ambayo wateja wake huitumia kutwa kujazia maombi ilikuwa imegoma kufunguka. "Kaka, kwenye simu inafunguka vizuri tu. Kwenye kompyuta napata ukurasa mweupe, namba 400, na sentensi moja ya Kiingereza inayosema kidakuzi ni kikubwa mno. Kidakuzi ndiyo nini?" Fundi wa jirani alikuwa ameshatoa hukumu: Windows imeharibika, ipigwe upya. Bei alishaitaja.

Windows ilikuwa nzima. Tovuti nayo ilikuwa nzima, maana simu iliifungua. Ugonjwa ulikaa katikati, kwenye maandishi ambayo yangechapwa yasingejaza karatasi tano.

Seva ya wavuti haikumbuki sura ya mtu. Kila unapobofya, kwake wewe ni mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kapu la manunuzi mtandaoni, na mteja aliyeagiza kazi hiyo hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu za kila mnunuzi aliyeacha kapu nusu. Montulli akaona kumbukumbu ikae kwa mnunuzi mwenyewe. Seva humpa kivinjari chako kijiandishi kifupi, kivinjari hukihifadhi, na kila unaporudi hukionyesha. Ni kama kile kibao chenye namba unachopewa ukiacha mfuko wako mlangoni mwa supamaketi: wanachokitambua ni kibao, si wewe.

Yeye alikiita kuki, jina alilolichukua kwenye msamiati wa zamani wa waandika programu. Kwetu limekuja neno kidakuzi, lenye harufu ya udaku, na mimi nalipenda zaidi ya lile la Kiingereza, ambalo maana yake ni biskuti. Biskuti haisemi cha mtu. Hiki kinasema.

Sasa hesabu. Kanuni za vidakuzi za mwaka 2011 zinavitaka vivinjari viweze kutunza kidakuzi cha hadi baiti 4,096, na vidakuzi visivyopungua 50 kwa kila tovuti. Lakini unapoomba ukurasa, vidakuzi vyote vinavyouhusu husafiri pamoja katika mstari mmoja. Nginx, mojawapo ya programu za seva zinazotumika sana duniani, isipobadilishwa mipangilio yake haipokei mstari unaozidi kilobaiti 8. Vidakuzi vitatu vilivyonona vinatosha kuuvuka mpaka huo. Kompyuta ya dukani ilikuwa imefungua akaunti za watu chungu nzima kwenye tovuti ileile, na inaelekea kila aliyeingia aliacha chake. Mzigo ukakua, hadi asubuhi moja seva ikakataa kuupokea.

Dawa ilichukua dakika moja. Nilimwambia abofye ile alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, aingie kwenye vidakuzi na data ya tovuti, afute vya tovuti hiyo pekee. Ukurasa ukafunguka, mteja akaingiza nenosiri lake upya, kazi ikaendelea.

Nasisitiza "hiyo pekee" kwa sababu ushauri unaotembea mitaani ni kufuta kila kitu. Mara nyingi hufanya kazi, ndiyo maana unapendwa. Lakini unakutoa pia kwenye barua pepe na kwenye kila akaunti uliyokuwa umeingia, halafu hujui kilichokusumbua kilikuwa nini. Wiki ijayo kikirudi, unaanza sifuri.

Mimi huanza na hali fiche. Fungua tovuti iliyogoma kwenye dirisha fiche la kivinjari chako hichohicho. Dirisha hilo halisomi vidakuzi vyako vya zamani, na kwa kawaida ekstensheni, zile programu jalizi unazoongeza kwenye kivinjari, haziingii humo mpaka uziruhusu. Tovuti ikifunguka humo, mshukiwa ni mmoja kati ya hao wawili. Ikigoma na humo, tazama kwingine, ukianza na tarehe iliyo pembeni ya skrini. Kompyuta za mezani zina betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa umeme unapozimwa. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na tovuti salama hukataliwa moja baada ya nyingine kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika.

Ekstensheni zina maradhi yao. Kwenye Firefox, ekstensheni ni faili moja lenye kiambishi cha xpi, na kwa ndani ni zipu ya kawaida tu iliyotiwa saini ya kidijitali. Ikibadilika hata baiti moja, saini hailingani na kivinjari kinasema faili limeharibika. Mara nyingi ni bando lililokatika katikati ya kupakua, na tiba ni kupakua tena. Chrome nayo ikigundua ekstensheni imeguswa huizima, kisha hukuwekea kitufe cha kuirekebisha.

Ila si kila inayoonekana imeharibika imeharibika kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2019, muda mfupi baada ya saa tisa kwa saa za Afrika Mashariki, cheti kimoja cha Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kilichotumika kuthibitisha saini za ekstensheni za kivinjari hicho kilimaliza muda wake. Firefox hukagua saini hizo mara moja kwa siku, kwa hiyo watu hawakupigwa wote kwa pamoja. Ekstensheni zilizimika kwa mafungu, duniani kote, na hakuna faili hata moja lililokuwa na dosari. Wajanja walirudisha saa za kompyuta nyuma. Wenye haraka walizifuta ekstensheni ili wazipakue upya, ilhali Mozilla ilikuwa ikisihi watu wasifanye hivyo, kwa kuwa ukifuta ekstensheni unaweza kupoteza na mipangilio uliyoihifadhi ndani yake. Toleo la 66.0.4 lilitoka tarehe 5 Mei na kurudisha kazi kwa wengi. Wengi waliosubiri hawakupoteza kitu.

Kwa hiyo fundi akikwambia kompyuta ipigwe upya kwa sababu tovuti moja imegoma, usitoe pesa kwanza. Muulize kama ameijaribu kwenye hali fiche.