Mashine Kuukuu za Boti na Usalama wa Maziwa Yetu

Ziwa Victoria ni la nchi tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mipaka ndani ya maji haya haina bikoni wala ua. Mvuvi aliyezimikiwa na mashine usiku aweza kusukumwa na upepo hadi nchi ya pili bila kukusudia, na boti ya doria iliyozimika haiwezi kumfuata mhalifu wala kumwokoa anayezama. Mwaka 2017 Uganda ilipowapeleka wanajeshi ziwani kupambana na uvuvi haramu, iliwakabidhi kazi ambayo mafanikio yake hayategemei silaha peke yake, bali pia mashine iliyofungwa tezini.

Mashine za namna hii si jambo jipya. Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norway, alianza kuziuza mwaka 1909. Kampuni ya OMC, iliyotengeneza mashine za Evinrude na Johnson, ilifilisika mwaka 2000. Na mwaka 2020 warithi wa jina la Evinrude nao wakaacha kuzitengeneza. Mwenye mashine hizo leo hana budi kutegemea utunzaji kwanza, kipuri baadaye.

Jambo la kwanza ni mafuta. Mashine ya zamani ya mipigo miwili haina tangi la ndani la oili. Oili iliyochanganywa na petroli ndiyo kinga pekee ya pistoni. Nyingi za miaka ya 1950 zilihitaji sehemu 1 ya oili kwa 24 za petroli. Za baadaye nyingi huhitaji 1 kwa 50. Kwa debe la lita 20, kipimo cha kwanza ni karibu mililita 830, na cha pili ni mililita 400. Oili ikizidi, moshi hutanda na plagi huchafuka. Ikipungua, pistoni hukwama, na safari huishia hapo. Kukisia kwa macho si kupima.

Jambo la pili ni maji ya kupoza. Chini ya mguu wa mashine mna pampu yenye gurudumu la mpira. Mpira huo hukauka mashine ikikaa ghalani, na mchanga huula. Katika Ziwa Victoria magugumaji nayo huziba matundu ya kuingizia maji. Kwa mashine yenye tundu la ishara, mwendeshaji huangalia mchirizi wa maji mara tu inapowaka. Usipoonekana, huizima papo hapo.

Jambo la tatu ni pini ya rafadha. Katika mashine nyingi za zamani pini hii ni laini kwa makusudi: rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika ili gia zisalimike. Anayeweka msumari wa chuma kigumu mahali pake huokoa pini na kupoteza gia. Pini za akiba, plagi ya akiba, koleo na makasia ni sehemu ya vifaa vya doria, kama zilivyo risasi na maboya ya kujiokolea.

Oili ya gia nayo husema. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mpira wa kuzuia umechoka. Mashine iliyotumika baharini husukumwa maji baridi yasiyo na chumvi kila irudipo. Iliyozama haiachwi juani ikauke, kwa kuwa kutu huanza mara hewa inapoigusa: huoshwa kwa maji safi, plagi hutolewa, maji humwagwa, oili hutiwa kwenye silinda, huzungushwa kwa mkono, kisha huwashwa siku ile ile.

Hakuna katika haya linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni nidhamu ile ile inayomfanya askari asafishe bunduki yake kabla ya kulala. Dhoruba za Ziwa Victoria mara nyingi huja usiku na alfajiri, wakati ambao hakuna fundi wa kuitwa. Uzee wa mashine si hatari. Hatari ni uzembe wa aliyekabidhiwa.