Kanzu Haimrudishi Mtu Zamani

Juma hili tuzungumzie uigizaji. Hapa Tabata, kuanzia Relini hadi Kimanga, mwigizaji hupimwa kwa machozi. Akilia hadi macho yakavimba, watu husema anajua kazi. Akinyamaza, husemwa amepooza. Kipimo hicho huenda kikafaa kwa mchezo wa mambo ya leo, lakini kwa filamu ya mambo ya zamani hakitoshi hata kidogo.

Tuchukue mfano wa Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la Toronto, Kanada, na mwaka uliofuata Tanzania iliichagua kuwania tuzo za Oscar. Kabla yake tulikuwa tumepeleka huko filamu moja tu, Maangamizi.

Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume aliyemzidi sana umri, naye anamkimbia. Anakutana na Denge, kijana mpigania uhuru anayewindwa na askari wa mkoloni. Yasmin ameigizwa na Ikhlas Gafur Vora, na Denge ni Gudrun Columbus Mwanyika.

Sasa, ugumu wa kazi yao uko wapi? Kanzu na gauni hushonwa na fundi. Gari la zamani huazimwa. Mwili hauazimwi. Msichana wa mjini leo hutembea akitupa mikono na kumkazia mtu macho. Yasmin hakulelewa hivyo. Kwa binti wa nyumba kama yake, kumtazama mwanamume mgeni mara mbili kulitosha kuzua maneno mtaa mzima. Kwa hiyo mwigizaji akiinua macho kidogo tu, amekwisha kusema mengi. Akipayuka kama tulivyozoea, amemtoa Yasmin Unguja na kumshusha Tabata Bima.

Na Denge je? Huyo ni mtu wa siri. Akitembea kifua mbele kama shujaa wa kwenye bango, mtazamaji atajiuliza kwa nini hakukamatwa tangu jana. Ujasiri wake hukaa katika utulivu, na hofu yake katika namna anavyotega sikio mlango ukigongwa.

Kuna na ulimi. Mtu wa Unguja ya wakati ule aliamkia kwa sabalkheri na masalkheri. Neno moja la "poa" likiponyoka, miaka 70 yote inaanguka chini.

Mwalimu mashuhuri wa uigizaji, Mrusi Konstantin Stanislavski, aliwataka wanafunzi wake wajiulize: kama ningekuwa mimi, katika hali hii, ningefanya nini? Swali ni jepesi, lakini huwezi kulijibu kama hali yenyewe huijui. Kuijua kunataka muda wa kusoma, kuuliza na kufanya mazoezi. Filamu zetu nyingi hupigwa kwa siku chache, na muda huo ndio wa kwanza kukatwa.

Wengine watasema hayo ni mambo madogo. Si madogo. Watanzania walio wengi wamezaliwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Picha watakayobaki nayo ya wakati wa mkoloni ni ile waliyoiona kwenye kioo, na mwigizaji akikosea, kosa lake litakaririwa kama historia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa anagonga 90. Bado wapo wachache barazani, wanakumbuka jinsi watu walivyokaa, walivyosalimiana na walivyoogopa. Anayetaka kuigiza zama hizo aende akaketi nao sasa. Kwa fundi cherehani ataenda baadaye.