Gumboro: hasara inayoanza kimyakimya bandani

Mnunuzi wa vifaranga huuliza kwanza bei, kisha hupiga hesabu ya chakula. Swali la chanjo huja mwisho, nalo mara nyingi ndilo linaloamua faida.

Gumboro, ugonjwa wenye jina la mahali ulipoonekana katika jimbo la Delaware, Marekani, ulielezwa kitaalamu mwaka 1962. Virusi vyake hushambulia bursa, kiungo kilicho karibu na njia ya haja, ambamo chembe za kutengeneza kinga hukomaa. Kifaranga akiambukizwa kabla ya wiki 3 huenda asionyeshe dalili, lakini bursa huharibika. Akipewa baadaye chanjo ya kideri, kinga haijengeki vizuri. Mfugaji hulaumu chanjo, kumbe kuku hana uwezo wa kuipokea. Walio na wiki 3 hadi 6 huugua waziwazi na wengine kufa.

Kuchanja mapema mno nako ni kupoteza fedha. Kifaranga huzaliwa na kinga ya mama kupitia kiini cha yai, na kinga hiyo huzima virusi dhaifu vya chanjo. Ni hadi ipungue ndipo chanjo hushika.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize mtotoleshaji kama kuku wazazi walichanjwa, akupe na ratiba. Chanjo itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, isichanganywe na maji yenye klorini. Virusi hivi hudumu bandani kwa miezi, hivyo banda lisafishwe vizuri kabla ya kuingiza kundi jipya.