Mirija midogo inayoangamiza injini ya rota

USIPOZIBA ufa utajenga ukuta. Methali hii wenye magari yenye injini ya rota huielewa kwa uchungu, kwani mrija wa plastiki usiozidi unene wa kalamu unaweza kuwagharimu injini nzima.

Injini ya rota ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ilinguruma mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Hata hivyo, ni Mazda ya Japani iliyoikumbatia kwa dhati: kwanza katika Cosmo Sport mwaka 1967, kisha RX-7 kati ya 1978 na 2002, na hatimaye RX-8 iliyoundwa kuanzia 2003 hadi 2012. Mwaka 1991, gari la Mazda lenye injini hiyo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa.

Humu nchini, magari ya RX-8 yaliletwa yakiwa mitumba kutoka Japani. Kwa kuwa yalikoma kuundwa mwaka 2012, na sheria yetu hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka minane, hakuna jingine changa litakaloletwa. Yaliyopo yamezeeka, na mirija yake imezeeka nayo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, sharti kwanza tutazame injini yenyewe. Haina pistoni zinazopanda na kushuka. Badala yake, rota yenye pembe tatu huzunguka ndani ya chumba chenye umbo linalokaribia yai. Katika kila pembe kuna sili nyembamba inayokwaruza ukuta wa chumba muda wote, ili gesi isivuje kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Katika injini ya kawaida, oili hurushwa kutoka chini na kulainisha kuta za silinda. Katika rota, oili hiyo haiwezi kuzifikia sili za pembeni. Kwa sababu hiyo, waundaji waliweka pampu ndogo inayochota oili kutoka kwenye sampu na kuisukuma kwa kipimo kupitia mirija hadi kwenye nozeli. Oili hiyo huzilainisha sili, kisha huungua pamoja na petroli.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Mwenye gari akiona oili inapungua, hudhani injini ni mgonjwa. Fundi asiyeijua rota naye huanza kuutafuta ugonjwa usiokuwepo. Ukweli ni kwamba injini hii imeumbwa kula oili. Ile ambayo ghafla imeacha kuila ndiyo ya kuogopwa, kwani huenda sili zinazunguka kavu.

Mirija ya kiwandani ni ya plastiki. Ikikaa kando ya injini yenye joto kwa miaka mingi, hubadilika rangi ikawa ya kahawia, ikakauka na kukatika hata kwa kuguswa tu fundi anaposhughulikia kitu kingine. Dalili za hitilafu ni oili iliyotapakaa pembeni mwa injini, harufu ya oili inayoungua, au mapovu ya hewa yanayoonekana ndani ya mirija.

Madhara yake si haba. Oili ikidondokea bomba la moshi lenye joto, moto waweza kuzuka. Sili zikikosa oili, hulika na kuukwaruza ukuta wa chumba. Mgandamizo hupungua, gari hukataa kuwaka injini ikiwa moto, na mwishowe injini yote hulazimika kufunguliwa.

Kazi ya kubadilisha mirija yahitaji subira kuliko nguvu. Injini iachwe ipoe kabisa, kisha viondolewe vifaa vya kuingizia hewa vinavyoizuia mikono. Kila mrija uwekewe alama au upigwe picha, kwani urefu na njia zake hutofautiana. Sehemu zote zisafishwe kabla ya kufungua bolti hata moja, maana chembe ya mchanga inatosha kuziba nozeli.

Nozeli nazo zichunguzwe. Iliyo nzima huruhusu kupita upande mmoja tu. Ikipitisha pande zote mbili, ibadilishwe. Mpira mdogo wa hewa unaoingia kwenye nozeli utazamwe pia, kwani nao hupasuka.

Mirija ibadilishwe yote kwa pamoja, kwa sababu iliyobaki ina umri ule ule. Mwenye gari aweza kununua ya kampuni au ile ya tefloni iliyofumwa kwa nyuzi za chuma. Bomba la mpira la kawaida halifai. Washa za zamani zisirudishwe, na bolti zenye tundu katikati zikazwe kwa upole kwani hukatika upesi.

Hatua inayosahauliwa zaidi ni kuijaza mirija oili kwa sindano kabla ya kuifunga. Pampu husukuma matone machache tu, hivyo mrija mtupu huchukua muda kujaa, na wakati huo wote sili huwa kavu. Kwa tahadhari, wengi huongeza oili ya injini za mipigo miwili kwenye tangi la kwanza la petroli, takriban mililita 4 hadi 5 kwa kila lita.

Wapo wanaoiondoa pampu kabisa na kuchanganya oili na petroli kila wanapojaza tangi, kama wafanyavyo baadhi ya madereva wa mashindano. Njia hiyo hufaulu, lakini haina msamaha kwa msahaulifu.

Kazi ikishakamilika, injini iwashwe na kuachwa ingurume taratibu huku fundi akitazama kila kiungo kwa kurunzi. Ukaguzi urudiwe baada ya siku chache. Tangu hapo, kijiti cha kupimia oili kichomolewe kila mara ya pili unapojaza petroli. Ukiona oili imepungua kidogo, ongeza uendelee na safari. Usipoona ikipungua kamwe, funua boneti uitazame mirija.