Barua ya Mama Mkubwa kwa Halmashauri

Mama yangu mkubwa, mzaliwa wa Mombasa aliyezeekea Uingereza, alipofika umri ambao magoti hayamtii tena, alikuwa akichukua zaidi ya saa nzima kuoga, kuvaa na kushuka ngazi, huku akijishika ukutani na kupumzika juu ya ndoo aliyoifudikiza ikawa kiti. Na siku alipoipigia simu halmashauri ya mtaa wake kuomba msaada, aliulizwa maswali mawili matatu, akajibu kwa heshima zake kwamba anajiweza, alhamdulillahi, nayo simu ikaishia hapo, wala jina lake halikuandikwa popote. Tulipomwuliza mbona hakuieleza taabu yake, alisema, "Mwanangu, mtu humwambia mgeni kuwa hawezi kujiosha?"

Jibu hilo limekaa moyoni mwangu, kwani wazee wetu walioko ughaibuni aghalabu huihesabu stahamala kuwa ndiyo adabu, na kulalamika kuwa ni utovu wa shukrani, ilhali sheria ya nchi wanayoishi imeyapa malalamiko nafasi yake rasmi.

Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, itumikayo England, inailazimu kila halmashauri kuyafanyia tathmini mahitaji ya mtu mzima yeyote aonekanaye kuhitaji matunzo, pasipo kutazama kwanza ukubwa wa haja yake wala mali aliyo nayo. Hesabu ya fedha huja baadaye. Basi anayerudishwa mlangoni kwa kuambiwa kwamba ana akiba benki, au kwamba hali yake haijawa mbaya vya kutosha, amenyimwa haki kabla tathmini haijaanza, na hilo peke yake ni jambo la kulalamikiwa. Tena kanuni zasema, na hapa namwomba msomaji atue kidogo, kwamba mtu afanyaye jambo kwa maumivu makubwa, au kwa muda mrefu kupita kawaida, huhesabiwa kuwa hawezi kulifanya. Neno "najiweza", lau lingefuatwa na habari za ile ndoo, lingekuwa na maana nyingine kabisa mbele ya sheria.

Kanuni za malalamiko za mwaka 2009 zampa mlalamikaji miezi 12 tangu jambo lilipotokea au alipolijua. Aweza kusema kwa mdomo, nayo halmashauri iyaandike maneno yake na kumpa nakala. Aweza pia kusemewa na jamaa kwa idhini yake. Na halmashauri haina budi kumjulisha katika siku 3 za kazi kwamba lalamiko limepokewa.

Asiporidhika na jibu, aweza kwenda, bila ada yoyote, kwa Ombudsman wa Serikali za Mitaa na Ustawi wa Jamii, ambaye asili ya ofisi yake ni sheria ya mwaka 1974. Cheo hicho si kigeni kwetu: Tanzania iliunda Tume yake ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, mwaka mmoja kabla Uingereza haijapata ofisi ya namna hiyo kwa mambo ya serikali kuu. Wengi hukosea kwa kumwendea kana kwamba ni kadhi atakayebatilisha uamuzi usiowapendeza, walakini yeye hutazama zaidi njia iliyofuatwa: je, mzee alisikilizwa, alicheleweshwa, alipewa sababu? Kwa hiyo tarehe ya simu, jina la aliyepokea na maneno yaliyosemwa vina uzito kuliko kurasa nyingi za manung'uniko.

Tuliketi jikoni na mama mkubwa tukaiandika barua yake, saa kwa saa, tangu aamkapo. Alitusihi tuliondoe neno "nalalamika" tuweke "naarifu". Tukaliacha lile la kwanza lilivyo, naye akatia sahihi akiwa ameinamisha uso. Baada ya wiki kadha alikuja afisa wa ustawi, ambaye hakumwuliza kama anajiweza, bali alimwomba amwoneshe ashukavyo ngazi, akasimama chini akiitazama saa yake; na mama mkubwa, kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni, hakufanya haraka.