Choo Kigumu: Jaribu Uji wa Ukwaju

Je, unapata choo kigumu kama cha mbuzi? Usikimbilie haluli. Haluli huendesha tumbo kwa nguvu na kupunguza maji mwilini.

Ukwaju hulainisha choo polepole. Menya ukwaju kiasi cha ngumi ya mtoto. Uloweke katika vikombe 2 vya maji yaliyochemka mpaka ulainike. Nawa mikono, uufikiche, kisha toa kokwa na nyuzi. Usiuchuje kwa kitambaa. Utaacha nyama yake, nayo ndiyo yenye kazi.

Pika uji wa mtama au wa dona. Ukiiva, epua, utie ukwaju. Sukari kijiko kimoja chatosha. Wengine hujaza sukari mpaka ukwaju hausikiki! Tena kunywa maji mara nyingi, hata ukiwa shambani. Bila maji choo hakilainiki.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe uji huu. Yeye ni maziwa ya mama tu.

Lakini kama tumbo limevimba na linauma sana, unatapika, wala hupati choo wala hewa, usinywe ukwaju wala haluli. Huenda utumbo umeziba. Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo.